Mzigo wa Silabi: Mgao na Matamshi ya Vitenzi Vifupi vya Kiswahili

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mambo mengi ndani ya neno moja, kwa kuwa nafsi, wakati, mtendwa, mzizi na hali ya kutenda hupangwa kwa zamu kama shanga katika uzi, na kila ushanga huwa ni silabi moja au zaidi. Mpangilio huo huonekana wazi katika vitenzi virefu, lakini nguvu yake hudhihirika zaidi katika vitenzi vifupi kuliko vyote, yaani vile ambavyo mzizi wake pamoja na irabu ya mwisho hufanya silabi moja tu. Katika mji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kama ilivyo katika sehemu nyingi za bara, husikika kila siku sokoni na kwenye steji ya matatu maneno kama "mwambie akuje tukule", ilhali Kiswahili sanifu kingesema "mwambie aje tule". Tofauti ya kauli hizi mbili ni silabi moja, yaani ku, na mazungumzo haya yamekusudia kueleza kwa nini silabi hiyo hukaa mahali fulani na kuondoka mahali pengine, na kuonyesha kwamba anayeamua jambo hilo ni sikio kabla ya kuwa kitabu.

Silabi ni tamko moja la sauti ndani ya neno, yaani sehemu ambayo mtu anaweza kuipigia kofi moja anapolitamka neno polepole. Silabi nyingi za Kiswahili ni silabi wazi, maana yake ni kwamba huishia kwa irabu: so-ma, a-na-so-ma, wa-li-ku-ba-li-a-na. Maneno yaliyoazimwa kutoka Kiarabu na lugha nyingine yameleta silabi funge, ambazo huishia kwa konsonanti, kama katika lab-da, dak-ta-ri na il-ha-li. Zaidi ya hizo, ipo silabi ya aina ya tatu ambayo huwatatiza wanaojifunza, nayo ni ile inayofanywa na sauti ya puani peke yake, m au n, bila irabu yoyote. Neno mtu lina silabi mbili, m-tu, na neno nchi vivyo hivyo lina silabi mbili, n-chi. Neno mbu hutamkwa m-bu, kwa silabi mbili, lakini neno mbuzi pia lina silabi mbili tu, mbu-zi, kwa sababu m ya mbuzi imeshikana na b na kuwa sauti moja, ilhali m ya mbu imesimama peke yake.

Tofauti hiyo hubeba maana. Mtu anapozungumzia "nyumba mbaya", neno mbaya huwa na silabi mbili, mba-ya, kwa kuwa m hapo ni sehemu ya konsonanti. Anapozungumzia "mtu mbaya", neno lilelile kwa maandishi huwa na silabi tatu, m-ba-ya, kwa kuwa m hapo ni kiambishi cha ngeli ya mtu. Vilevile mbuni mwenye silabi mbili ni yule ndege mkubwa asiyeruka, na mbuni mwenye silabi tatu, m-bu-ni, ni mti wa kahawa au ni mtu aliyebuni jambo. Herufi hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mgao wa silabi, na anayeusoma mgao huo vibaya amesoma neno jingine.

Pamoja na silabi huenda shadda, ambayo wengine huiita mkazo, yaani ile nguvu ya sauti inayowekwa juu ya silabi moja ya neno kuliko nyingine. Kanuni yake katika Kiswahili ni nyepesi na ni nadra kuvunjwa: shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Husemwa SO-ma, lakini so-ME-sha, na so-me-SHA-na, kwa maana kila neno linaporefuka shadda husogea mbele nalo. Maneno machache huenda kinyume, kama lile barabara, ambalo likiwekewa shadda kwenye silabi ya tatu huwa ni njia ya magari, na likiwekewa kwenye silabi ya pili huwa na maana ya sawasawa. Kutokana na kanuni hiyo hutokea jambo la msingi kwa mazungumzo haya: ili neno liweze kubeba shadda mahali pake panapostahiki, ni lazima liwe na silabi zisizopungua mbili. Maneno ya silabi moja, kama vile na, ni, si, la, tu na je, mengi yake ni vijineno vinavyoegemea maneno mengine, na ndiyo sababu nomino kama mbu, nge, nta na nchi huifanya sauti ya puani kuwa silabi kamili, ili neno lipate miguu miwili ya kusimamia.

Sasa tatizo la vitenzi vifupi linaanza kueleweka. Vitenzi hivyo si vingi, lakini ndivyo vinavyotaja mambo makubwa ya maisha: -la, -nywa, -fa, -ja, -wa, -pa, -nya kwa mvua inyeshayo, -cha kwa jua linapochomoza na -chwa kwa jua linapotua. Kila kimoja kina silabi moja tu, hata -nywa, ambayo ina konsonanti zilizofuatana lakini huishia kwa irabu moja. Kitenzi cha kawaida kama -soma kina silabi mbili zake mwenyewe, hivyo kikitanguliwa na viambishi vyovyote shadda huangukia ndani ya mzizi: a-na-SO-ma, a-li-SO-ma. Lakini -la ikitanguliwa na viambishi, silabi ya pili kutoka mwisho haimo tena ndani ya mzizi, bali hutafutwa nyuma miongoni mwa viambishi, na hapo huulizwa swali moja: je, kiambishi kilichokaa hapo kinaweza kubeba mzigo wa shadda?

Baadhi ya viambishi vinaweza, na vingine haviwezi. Viambishi vya wakati -na-, -li-, -ta- na -me-, pamoja na -nge- na -ngali- vya masharti, haviwezi kubeba shadda. Kwa hiyo vikitangulia kitenzi kifupi huhitaji msaidizi, na msaidizi huyo ni ku ya kitenzi-jina, yaani ile ku inayosikika katika kula na kunywa. Ndipo husemwa a-na-KU-la, a-li-KU-nywa, a-ta-KU-ja, a-me-KU-fa, a-nge-KU-wa. Kirejeshi nacho, yaani silabi kama ye, o, cho au po inayorejelea mtu, kitu, mahali au wakati, hakiwezi kubeba shadda kikiwa katikati ya kitenzi, na ndiyo maana husemwa aliyekuja, wasiokula na asipokunywa. Kwa upande wa pili, -ki- ya masharti, -ka- ya masimulizi na hu- ya mazoea zina nguvu ya kubeba: a-KI-la, a-KA-fa, HU-ja. Viambishi vya ukanushi na vya nafsi navyo hubeba: HA-li, a-SI-le, TU-le, A-je. E. O. Ashton, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1944, alieleza kuwepo kwa ku kwa msingi huohuo wa shadda, na maelezo hayo yangali yana uzito, kwa kuwa huigeuza orodha ndefu ya kukaririwa kuwa kanuni moja ya kusikilizwa.

Historia nayo huongeza jambo lake. Kiambishi -ta- cha wakati ujao kilitokana na kitenzi taka, hivyo "atakula" hapo zamani ilikuwa sawa na kusema kwamba mtu ataka kula, na ku ilikuwa sehemu halali ya kitenzi-jina kilichofuata. Kadiri karne zilivyopita maneno hayo mawili yaliungana kuwa moja, na katika vitenzi virefu ku ikaanguka kwa kuwa haikuwa na kazi tena, ilhali katika vitenzi vifupi ilibaki kwa sababu shadda iliihitaji. Ushahidi wa asili hiyo bado unaonekana wakati kitenzi kinapobeba kirejeshi, kwani hapo -ta- hurudia umbo lake refu, na hakuna anayesema "atayekuja" bali husemwa "atakayekuja", ambapo kitenzi taka kimejitokeza tena kwa sauti yake yote.

Ithibati iliyo bora kuliko zote hutolewa na kiambishi cha mtendwa, yaani silabi inayomtaja yule anayepatwa na tendo. Husemwa "nimekula nyama", kwa ku, lakini nyama ikishatajwa na kuwakilishwa na kiambishi chake husemwa "nyama nimeila", bila ku. Silabi i imeingia mahali pa pili kutoka mwisho, ikapokea shadda, ni-me-I-la, na msaidizi hakuhitajika tena. Kwa mantiki hiyohiyo husemwa "simba alimla mbuzi", na hapo hutokea jambo ambalo sikio lisilozoea hulipita bila kuligundua: silabi iliyobeba shadda ni m, sauti ya puani isiyo na irabu yoyote, a-li-M-la. Ndivyo ilivyo pia katika ninampa, ni-na-M-pa, na katika umbo adimu la ukanushi hamli, ha-M-li, wanaloambiwa watu wengi kwamba hawana mazoea ya kula kitu fulani. Midomo hufungwa, pumzi hupitia puani, na kwa nukta hiyo fupi neno zima hupumzika juu ya sauti ambayo katika lugha nyingi za ulimwengu haiwezi hata kuwa silabi.

Yako maumbo mengine ambayo wasemaji wa leo huyaona kuwa adimu, ingawa vipande vyake vimo katika usemi wa kila siku. Kirejeshi kinaweza kuwekwa mwishoni mwa kitenzi kisicho na kiambishi cha wakati, na hapo hupatikana alaye, anywaye, afaye na ajaye, maumbo ambayo hayahitaji ku kwa kuwa kirejeshi kilichoongezwa mwishoni kimeufanya mzizi wenyewe uwe silabi ya pili kutoka mwisho: a-LA-ye, a-JA-ye. Wengi huyaona maneno hayo kuwa ya vitabuni tu, lakini watu haohao husema "wiki ijayo" na "mwaka ujao" bila kusitasita, na ijayo si kingine ila kitenzi -ja katika umbo hilohilo, i-JA-yo. Vivyo hivyo kitenzi -cha kimekuwa adimu tangu neno pambazuka lienee, lakini kimehifadhiwa katika "usiku kucha" na katika "kumekucha", na katika ngano za zamani husikika "kukacha" na "kukachwa", yaani alfajiri ikafika na jua likatua. Hata kitenzi chelewa kimetokana na hiyo -cha, kwa maana ya kufikiwa na asubuhi kabla ya jambo kutimia. Neno ingawa nalo ni kitenzi -wa kilichotanguliwa na kiambishi -nga-, ambacho hubeba shadda, i-NGA-wa, nacho kikilinganishwa na ingekuwa huonyesha kanuni nzima katika maneno mawili: -nga- inaweza kubeba, -nge- haiwezi, na ku imekuja kuisaidia ya pili peke yake. Wasemaji wa pwani huongeza kwenye hazina hiyo maumbo yenye kiambishi -a-, kama twala, mwanywa na waja, ambayo mtu wa bara huyasikia kwa nadra, na ambayo pia hayana ku kwa kuwa irabu a imeungana na nafsi na kupata nguvu ya kubeba.

Methali nazo ni ghala la maumbo haya. Katika "mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe" mna m-la, ambaye ni mtu alaye, na mna ha-fi, ambayo ni ukanushi wa -fa usio na ku. Katika "mfa maji haachi kutapatapa" mna m-fa, neno la silabi mbili ambalo nusu yake ni sauti ya puani inayosimama mahali pa mtu mzima. Anayezitamka methali hizi kwa kuimeza m, hata mla likasikika kama silabi moja, ameharibu mwendo wake na amemwondoa mwenye kutenda ndani ya neno.

Hapa ndipo hali ya Kakamega inapostahili kutazamwa kwa makini na kwa heshima. Kaunti ya Kakamega ina wasemaji wa lahaja na lugha kadhaa za Kiluhya, miongoni mwao Kiwanga, Kiisukha, Kiidakho, Kitsotso, Kikabras, Kimarama na Kikisa, na zote ni lugha za Kibantu, jamaa wa damu wa Kiswahili. Neno la mtu katika nyingi ya lugha hizo ni omundu, na katika Kiisukha na Kiidakho ni mundu. Ikilinganishwa na mtu, huonekana mara moja kwamba Kiluhya kimehifadhi irabu u ambayo Kiswahili kiliipoteza, na kwamba m ya Kiswahili imebaki kuwa silabi kwa sababu ilikuwa mu tangu asili. Kiswahili chenyewe kina alama za irabu hiyo katika maneno kama muumba, na katika mwana, ambamo u imegeuka kuwa w mbele ya irabu nyingine.

Kwa hiyo mtoto wa Shinyalu au Malava, katika kaunti hiyo, anayesoma mtu na kusema "mutu", au anayesema "alimula" badala ya "alimla", hajakosea kuhesabu. Amekosea sauti, lakini idadi ya silabi ameihifadhi kikamilifu, na sikio lake limetambua jambo ambalo mwenzake anayeimeza m na kutamka neno hilo kwa silabi moja hajalitambua. Mwalimu anayemkemea mtoto huyo kana kwamba hajui chochote hupoteza nafasi njema ya kufundisha; mwalimu anayemwambia afumbe midomo mahali pa u huku akiendelea kupiga makofi mawili humfikisha kwenye matamshi ya pwani kwa hatua moja. Lugha ya mama hapo ni daraja tayari, na haifai kubomolewa ili mtoto aogelee.

Liko hata hivyo jambo ambalo lugha za Kiluhya hazimrahisishii mwanafunzi. Lugha hizo hutumia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kutofautisha maana na nyakati za vitenzi, na pia hutofautisha irabu fupi na ndefu, ilhali Kiswahili sanifu hakina toni ya namna hiyo bali kina shadda iliyokaa mahali pamoja. Anayekuja kwenye Kiswahili akiwa na sikio la toni hawezi kutarajiwa kuihisi shadda bila kuonyeshwa, na asipoihisi hawezi kuona kwa nini anakula ina ku na akila haina. Kwake yote mawili yatakuwa ni maagizo ya kitabu, na maagizo yasiyo na sababu husahaulika mapema.

Hapo ndipo huzaliwa akuje, tukule, akikula, nikufe na hajakuja. Maumbo haya hayakuzuliwa na wasemaji wa Kakamega peke yao, kwa kuwa husikika Nairobi, Nakuru na Eldoret vilevile, na yana mantiki yake: msemaji amesikia anakuja, alikuja, atakuja na amekuja mara nyingi mno hata akaichukulia ku kuwa sehemu ya mzizi, kisha akaupeleka mzizi huo mpya wa "kuja" kila mahali, kama anavyofanya kwa soma au pika. Kulinganisha umbo moja na mengine kwa njia hiyo ni kawaida ya lugha zote zinaposemwa na watu wengi waliojifunza kwa njia mbalimbali, na hakuna sababu ya kumdharau asemaye hivyo.

Lakini gharama yake ipo, na inafaa itajwe. Kiswahili kina ku nyingine, ambayo ni kiambishi cha mtendwa wa nafsi ya pili, yaani wewe. "Mwambie akupe" ni kumtaka mtu atoe na wewe upokee. Kwa mpangilio huohuo "mwambie akule" katika Kiswahili sanifu maana yake ni kwamba wewe uliwe, "tukule" ni azimio la kukula wewe, na "simba akikula" ni habari ya simba anayekutafuna, ilhali "simba akila" ni habari ya simba aliye katika chakula chake. Vilevile hu- ya mazoea hukutana na hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili: "yeye hula saa saba" ni desturi ya mtu, na "wewe hukula" ni ukanushi wa jambo lililopita, hu-KU-la. Msemaji anayesema "yeye hukula saa saba" amezikutanisha njia mbili zilizotengwa kwa manufaa ya wote. Umbo "sikukula" nalo lina hitilafu kama hiyo, kwa kuwa sikula tayari ina ku ya ukanushi wa wakati uliopita, na ku ya pili iliyoongezwa haina pa kukaa isipokuwa mahali pa wewe, kana kwamba msemaji anamhakikishia mwenzake kuwa hakumtafuna.

Hasara nyingine huonekana katika ushairi. Mizani ni hesabu ya silabi katika mstari, nayo ndiyo mhimili wa tungo za kimapokeo: utenzi huwa na silabi nane katika kila kipande, na shairi huwa na mshororo wa silabi kumi na sita zilizogawanywa nane kwa nane. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga kanuni hizo kwa maandishi katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1954, na walimu wa shule za sekondari nchini Kenya wangali wanazifundisha. Kipande kama "asile asiyelima" kina silabi nane kamili, a-si-le-a-si-ye-li-ma, lakini mtungaji akiandika "asikule" hufikisha tisa na kipande huchechemea. Kipande kama "mtu ajaye ampe" nacho kina nane, m-tu-a-ja-ye-a-m-pe, na atakayeimeza m mara mbili atabaki na sita tu. Wanafunzi wanaokariri mashairi katika tamasha za muziki za shule hulijua jambo hili kwa miili yao kabla ya kulijua kwa akili, kwa sababu mguu unaogonga sakafu hukataa silabi iliyopungua au iliyozidi.

Ulimwengu mpana hutoa mfano wa kulinganisha, nao hauko mbali, kwa kuwa Kifaransa ni lugha ya serikali katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na hufundishwa pia katika baadhi ya shule za sekondari za Kenya. Kitenzi cha kula katika Kifaransa ni "manger", na usemi wa "wanakula" huandikwa "ils mangent", lakini zile herufi tatu za mwisho, ent, hazitamkwi, na kitenzi chote huwa silabi moja, sawa kabisa na "mange" ya mtu mmoja. Yapo maumbo adimu kama "nous mangeâmes" na "que nous mangeassions", ambayo leo hayasikiki katika mazungumzo ya kawaida bali hukutwa katika maandishi ya kifasihi, na msomaji anayekutana nayo hulazimika kuulizia yagawanywe wapi na yatamkweje, kwa maana herufi pekee hazimwambii. Katika mashairi ya kale ya lugha hiyo irabu e isiyosikika katika mazungumzo huhesabiwa ndani ya mstari ikiwa mbele ya konsonanti na haihesabiwi mwishoni mwake, na mstari mashuhuri wa silabi kumi na mbili hauwezi kusomwa vyema na asiyejua siri hiyo.

Ulinganisho huo huonyesha neema aliyonayo msomaji wa Kiswahili. Maandishi ya Kiswahili hayafichi karibu silabi yoyote. Kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, na kilichobaki kujifunza ni m na n zinazosimama peke yake pamoja na mahali pa shadda. Lugha zote mbili hata hivyo hufundisha somo moja, kwamba maumbo adimu ya vitenzi huwekwa hai na sauti, na yakiachwa kwenye ukurasa tu huwa kama vyombo vya mgeni ambavyo wenye nyumba husahau hata majina yake.

Kutokana na hayo, njia ya kufundisha vitenzi vifupi katika shule za Kakamega ingefaa ianze kwa sikio. Jedwali lenye nyakati upande mmoja na ku upande mwingine lina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho, baada ya wanafunzi kupiga makofi ya a-KI-la na a-na-KU-la wakasikia wenyewe kwamba sauti huinuka mahali palepale, ya pili kutoka mwisho, na kwamba kinachobadilika ni yule anayebeba. Kisha waletewe omundu na mtu wakahesabu. Waletewe okhulia au khulia, ambamo okhu na khu ni kiambishi cha kitenzi-jina kama ilivyo ku ya kula, wakaona kwamba hata nyumbani kwao kiambishi hicho na mzizi ni vitu viwili. Waletewe maneno wanayoyajua tayari, ijayo, ingawa, huwa, akiwa na usiku kucha, wakaambiwa kwamba kanuni wanayodhani ni ngumu wamekuwa wakiitii tangu utotoni. Waliokabidhiwa kipaza sauti nao, watangazaji na wasomaji wa habari, wana sehemu yao, kwa sababu mtoto anayesikia "aje", "wale" na "usife moyo" kutoka redioni kila jioni hupata somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa.

Neno "ale" lina herufi tatu na silabi mbili. Ya kwanza humtaja mtu na kubeba shadda, ya pili hubeba tendo zima la kula pamoja na hali ya kuombewa au kuruhusiwa, na hakuna kilichopungua kati yake. Anayelitamka vizuri amegawa mzigo sawasawa kati ya silabi hizo mbili, na anayeongeza ku kwa kudhani kwamba neno ni dogo mno amemwita msaidizi mahali ambapo wawili walikuwa wakitosha.